Mstari wa Nne

Keki ilikwisha kulipiwa. Alatanga wa Kipawa
alikwisha kuandika kwa sukari ya bluu SAFARI NJEMA KAPTENI,
na magari mawili ya zimamoto yalikwisha kupangwa
yairushie ndege maji, kushoto na kulia,
siku atakayotua kutoka Mwanza mara ya mwisho.

Jumanne, saa nne asubuhi, ikaja barua.
Aya moja. Sitini na tano imekuwa sitini na saba.

Tuliila keki hiyohiyo.
Alatanga aliikwangua SAFARI kwa kisu,
na Kapteni Rwechungura akakata kipande cha kwanza
akanipa mimi, msaidizi wake, kwa mkono wake,
kama mtu anayelipa deni asilokopa.

Nina miaka arobaini na moja.
Tisa nimeikalia kiti cha kulia.
Nakijua kikohozi chake kabla magurudumu hayajagusa lami,
najua anavyoiita Songea redioni, kwa adabu, kama anamwita mkwe.
Kwenye orodha ya ukutani jina langu ni la kwanza
chini ya mstari mwekundu.
La kwanza chini.

Nyuma yangu yupo Tumsifu, leseni bado inanukia wino,
saa mia mbili na kumi angani,
na mchana kutwa anabandika vioo vya simu Kariakoo
alipe mkopo wa chuo.
Nilipompa habari hakulaani. Aliuliza tu:
"Dada, hiyo miaka miwili ni yako, au na mimi nimo?"
Umo, mdogo wangu. Foleni ikisimama kichwani
mkia nao husimama, hata usipoambiwa kwa nini.

Usiku napiga hesabu mgongoni mwa risiti ya umeme:
miezi ishirini na minne, mara tofauti ya mshahara,
ni bati za Chanika, ni ada ya Nuru hadi darasa la saba.
Mume wangu anasema, subira yavuta heri.
Yavuta, namjibu gizani,
ila heri yenyewe imekanyaga breki.

Aprili, tukirudi, wingu limekaa juu ya Pugu kama sufuria jeusi.
Mimi nilikuwa nimeshauona mwanya.
"Hapana," akasema. "Tunazunguka."
Tukazunguka dakika kumi na saba.
Aliniuliza mafuta mara mbili.
Mpaka leo sijui ile mara ya pili
ulikuwa ni umri au umakini.

Chini, tukisubiri basi la wafanyakazi, akasema bila kunitazama:
"Mimi sikuiomba. Nilishaaga.
Mke wangu kashapanda miche Kamachumu.
Ila kitindamimba wetu bado yupo chuo,
na pensheni ni shuka fupi."
Nilitaka kumchukia vizuri, nikashindwa.
Nikambebea mkoba. Akaunyang'anya.

Jumamosi fundi Shaweji akapiga simu, mara ya tatu:
vibega vyangu vya mistari minne viko tayari tangu Januari,
lini navichukua, droo yake si ghala.
Nikaenda. Mtaa wa Mkunguni, cherehani yake imetazama mtaro.
Akanipa sindano na uzi.
"Nitungie, mwanangu. Wewe macho yako yanapimwa na serikali."
Nikamtungia.
Akashona, na mshono ukanyooka
kama barabara ya kurukia.

"Hii minne iweke," nikamwambia. "Nishonee mitatu mipya.
Hii niliyovaa imepauka."

Nikiwa juani Msimbazi, nikitafuta kivuli cha kusimama,
nikajikuta nahesabu kwa vidole:
sitini na saba, toa arobaini na moja.
Ishirini na sita.
Vidole vikaganda.
Sikuwa nimetoa kwenye sitini na tano.
Ile miaka miwili niliyoilalamikia
nilishaitia mfukoni.